Kiasi cha sukari ya akiba kiamuliwe kabla mvua hazijaanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna nchi yetu inavyoamua ni lini iagize sukari ya kuziba pengo la uzalishaji wa ndani, iagize kiasi gani, na nani awe na wajibu wa kuiagiza. Nafanya kazi ya ununuzi na ugavi katika kiwanda kidogo cha mikate mjini Morogoro, na sukari ni bidhaa ninayoifuatilia kila wiki, kuanzia mashambani katika bonde la Kilombero hadi kwenye mifuko ya kilo 50 inayoshushwa stoo kwetu. Nimesoma mengi kuhusu uhaba ulioanza mwishoni mwa 2023 na kutusumbua hadi mwaka uliofuata. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa ilitafuta wa kulaumiwa: wafanyabiashara walioficha mzigo, wenye viwanda, au viongozi. Sitaki kuurudia mjadala huo. Ninachosema ni kwamba taarifa za kutuwezesha kuchukua hatua mapema zilikuwepo, ila hapakuwa na kanuni iliyokubaliwa kabla, inayoeleza kwamba utabiri ukiwa wa namna hii, na akiba ikiwa kiasi hiki, basi tani kadhaa ziagizwe kabla ya tarehe fulani. Kanuni ya aina hiyo, inayopima gharama ya kukosea kwa kila upande pamoja na uwezekano wa kila tukio, ndiyo wataalamu wa ugavi wanayoiita modeli ya uamuzi. Nchi inayotegemea viwanda vichache vya sukari inaihitaji kuliko kampuni yoyote binafsi.

Tukumbuke mambo yalivyokwenda. Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitangaza kuwa mvua za vuli, yaani za Oktoba hadi Desemba, zilitarajiwa kuzidi wastani katika maeneo mengi kwa sababu ya El Nino, yaani kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki kunakobadili mvua duniani. Kituo cha hali ya hewa cha kanda, ICPAC, kilitoa mwelekeo huohuo. Mvua zikaja kama ilivyosemwa, na zikaendelea kunyesha hata baada ya kipindi chake kupita. Ilipofika Januari 2024 ndipo bei elekezi ilipotangazwa, na suala la vibali vya kuagiza sukari kutoka nje likashika kasi, wakati tayari katika maduka mengi kilo moja ilikuwa imepanda hadi shilingi 4,000 na kuendelea. Machi ukaingia mfungo wa Ramadhani, ambao kila mwaka huongeza matumizi ya sukari na ambao tarehe zake zinajulikana miaka mingi kabla. Kati ya Agosti na Januari kuna miezi mitano, muda unaotosha kuagiza, kusafirisha na kusambaza shehena nzima.

Wasomaji ambao hawajafika kwenye mashamba ya miwa huenda wakajiuliza mvua inawezaje kupunguza sukari, ilhali muwa ni mmea unaopenda maji. Muwa hujenga utamu wake pale maji yanapopungua. Ukinyeshewa mfululizo unaendelea kurefuka na kuota majani, na kiasi cha sukari kilichomo katika kila tani kinashuka. Hilo ni tatizo la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo dogo. Kubwa zaidi ni njia. Udongo wa bondeni ukishalowa, trekta linalovuta matela ya miwa linazama hadi ekseli, na barabara za ndani ya mashamba ya wakulima wa nje, yaani wanaolima miwa yao wenyewe na kukiuzia kiwanda, hazipitiki. Nimeshuhudia miwa iliyokwisha kuchomwa ili kuondoa majani, na kukatwa, imelala kando ya barabara, mkulima amesimama pembeni akipiga simu kwenye chama chake cha ushirika kuulizia usafiri, huku akijua kwamba miwa iliyochomwa isipokamuliwa ndani ya siku moja au mbili inaanza kupoteza sukari, na kwamba malipo yake yatategemea utamu utakaopimwa kiwandani. Kiwanda nacho, kikikosa miwa kwa saa kadhaa, hulazimika kupunguza kasi au kusimama, na kuwasha tena mitambo ya kukamua na kuchemsha si jambo la kubonyeza kitufe. Kisha inafika Machi, masika yanaanza, na viwanda vingi vinafunga kwa matengenezo hadi takriban Juni. Kwa hiyo msimu ukiharibika Novemba, hakuna nafasi ya kufidia mpaka katikati ya mwaka unaofuata. Yote haya yanafahamika, na yanaweza kuandikwa katika jedwali hata kabla wingu la kwanza halijaonekana.

Kuna sababu ya pili inayofanya uamuzi huu uwe wa Serikali, si wa soko peke yake. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa sukari inayotoka nje ya Jumuiya ni asilimia 100 au zaidi, hivyo hakuna mfanyabiashara anayeweza kuleta sukari akaiuza kwa bei inayovumilika bila kibali na bila nafuu ya ushuru. Ulinzi huo una sababu zake, na siupingi. Viwanda vyetu vimewekeza fedha nyingi, na maelfu ya wakulima wa Kilombero, Mtibwa na Kagera wanaishi kwa zao hili. Lakini ukishaufunga mlango kwa sheria, ni wewe unayewajibika kujua saa ya kuufungua. Kwa bidhaa nyingine, bei ikianza kupanda wafanyabiashara huagiza wenyewe. Kwa sukari, bei inaweza kupanda kwa wiki nyingi na meli isiondoke popote, kwa sababu barua ya kibali haijasainiwa.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo naona halikupewa uzito, nalo ni kwamba vihatarishi vya sukari havitokei kimoja kimoja. Mpangaji wa kawaida huwaza hivi: mavuno ya ndani yakipungua, tutanunua India, India wakikosa, tutatafuta Thailand, ikishindikana, tutaomba jirani. Mpango huo unaonekana salama kwa sababu una njia tatu. Ila El Nino inayoleta mafuriko kwetu ndiyo hiyohiyo ambayo mara nyingi hupunguza mvua za India na Thailand. Agosti 2023 ilikuwa Agosti kavu kuliko zote nchini India tangu kumbukumbu za mvua zilipoanza kuwekwa mwaka 1901. Kufikia Oktoba Serikali ya India ikaongeza muda wa vizuizi vyake vya kuuza sukari nje. Thailand nayo ilikuwa na ukame. Bei ya sukari ghafi katika soko la dunia ikapanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 12. Kwa jirani zetu Kenya, Julai 2023 ukamuaji wa miwa ulisimamishwa katika maeneo ya magharibi kwa sababu miwa iliyobaki shambani haikuwa imekomaa, hivyo wao wenyewe walikuwa wanatafuta sukari. Ilibaki Brazil, iliyokuwa na mavuno mazuri lakini iko mbali. Na katika miezi hiyohiyo waagizaji wetu walikuwa wanahangaika na uhaba wa dola.

Modeli inayoweka uwezekano wa mafuriko Kilombero upande mmoja na uwezekano wa India kufunga mauzo upande mwingine, kana kwamba mambo hayo hayahusiani, itatoa jibu la kutuliza moyo lisilo na ukweli. Modeli inayofaa huanza na matukio kamili: mwaka wa kawaida, mwaka wa El Nino ya wastani, mwaka wa El Nino kali, na mwaka wa ukame. Kwa kila tukio huandika kwa pamoja mavuno yetu yatakuwaje, bei ya dunia itakuwaje, nani atakuwa anauza, na fedha za kigeni zitapatikanaje. Hapo ndipo mtu anaona kuwa sukari ya bei nafuu inapaswa kununuliwa wakati utabiri umetolewa lakini soko la dunia halijashtuka, kwa sababu tukisubiri hadi tuikose tutakuwa tunainunua sambamba na kila mtu mwingine aliyeikosa.

Naomba Mhariri uniruhusu nifanye hesabu ndogo, kwa namba za mfano tu, ili wasomaji waone jinsi modeli ya namna hii inavyofikiri. Tuseme wananchi wanahitaji kilo 100 na sokoni zipo kilo 90. Kwa haraka mtu atasema hasara ni ya kilo 10 zilizokosekana. Sivyo ilivyo, kwa sababu bei haipandi kwa kilo 10 hizo pekee. Inapanda kwa zote 90 zilizopo. Ikiwa bei imetoka shilingi 2,800 na kufika 4,300, wanunuzi wa kilo 90 wamelipa ziada ya shilingi 135,000, yaani shilingi 13,500 kwa kila kilo iliyokosekana. Tuugeuze upande wa pili kwa haki ileile. Tuseme zimeletwa kilo 10 zaidi ya mahitaji. Kuzihifadhi, pamoja na riba ya fedha iliyofungwa humo, kunagharimu shilingi 300 kwa kilo. Zikiingizwa sokoni zinashusha bei ya kiwandani kwa shilingi 200 katika kilo zote 100 za wazalishaji wetu, na hiyo ni hasara ya shilingi 20,000, yaani shilingi 2,000 kwa kila kilo ya ziada. Jumla gharama ya kuzidisha ni shilingi 2,300 kwa kilo, na gharama ya kupunguza, yaani ya kuagiza pungufu ya mahitaji, ni 13,500. Kanuni inayofundishwa katika kila darasa la usimamizi wa bidhaa inasema uchukue gharama ya kupunguza, uigawe kwa jumla ya gharama zote mbili, na jibu lake ndilo kiwango cha uhakika unachopaswa kukilenga. Hapa ni 13,500 kugawa kwa 15,800, takriban asilimia 85. Maana yake ni kwamba kiasi cha kuagiza kiwe kile kitakachotosha katika misimu karibu sita kati ya saba, na si kile kitakachotosha katika msimu wa wastani, ambacho kwa maumbile yake kitapelea karibu nusu ya nyakati.

Mtu anaweza kubishana nami kuhusu kila namba niliyoitumia, na ningefurahi sana abishane. Mwenye kiwanda aje aseme kwamba bei yake haishuki kwa shilingi 200 bali kwa 600, naye mtetezi wa mlaji aseme kwamba uhaba hauishii kwenye bei tu, bali humpotezea mama ntilie asubuhi nzima akitafuta robo kilo ya kutilia chai anayoiuza. Wakishaweka namba zao mezani, tofauti yao itaonekana iko wapi hasa, na itawezekana kuisuluhisha kwa kupima. Mwaka 2024 tuliwasikia watu wakibishana miezi mizima kuhusu tani zilizopaswa kuagizwa, bila kuwasikia hata mara moja wakitaja gharama ya kukosea ambayo kila mmoja alikuwa nayo kichwani.

Wapo wanaosema kwamba utabiri wa hali ya hewa hauaminiki kiasi cha kuufungia fedha za umma, na wana mifano. Mwaka 2015 kanda yetu iliandaliwa kwa El Nino kubwa, na katika maeneo mengi mvua hazikufikia hofu iliyokuwepo. Mwanzoni mwa Oktoba 2023 wananchi wa Kenya waliambiwa kwamba ile El Nino iliyotabiriwa haingekuwa kali kama ilivyodhaniwa, na kabla Novemba haijaisha mafuriko yalikuwa yamewahamisha watu wengi. Mifano yote miwili inatufundisha jambo moja kuhusu uamuzi: tusiufanye uwe wa ndiyo au hapana, wa mara moja, kwa kutegemea kauli ya mwisho iliyosikika. Uamuzi wa sukari unaweza kugawanywa katika hatua mbili. Hatua ya kwanza ni Septemba, baada ya utabiri wa vuli kutolewa. Hapo Serikali, kupitia chombo chake, inaingia mkataba na muuzaji kwa kulipa ada ndogo ili kutengewa tani kadhaa kwa bei inayojulikana, pasipo kulazimika kuzichukua. Hatua ya pili ni mwishoni mwa Novemba, ambapo tayari tunajua mvua imenyesha vipi, viwanda vimekamua tani ngapi kwa wiki ukilinganisha na mpango wao, na maghala yana kiasi gani. Hali ikiwa mbaya, mzigo unaitwa. Ikiwa nzuri, tumepoteza ada tu. Baadhi ya kampuni za ndege na viwanda vya nafaka hufanya hivyo kwa mafuta na ngano, na ada hiyo huihesabu kama sehemu ya gharama ya biashara.

Kwa wale ambao hawapendi kabisa kuzungumzia uwezekano, ipo njia nyingine inayoheshimika. Kampuni ya magari ya Ford ya Marekani, ikifanya kazi na watafiti wakiongozwa na David Simchi-Levi wa chuo kikuu cha MIT, iliacha kujiuliza ni janga gani litatokea na lini, kwa sababu kwa wauzaji wengi wa vipuri swali hilo halina jibu. Badala yake, kwa kila muuzaji waliuliza maswali mawili: akisimama leo, atachukua muda gani kurejea, na sisi tunaweza kuhimili muda gani bila yeye. Pale muda wa kuhimili ulipokuwa mfupi kuliko muda wa kurejea, hapo palikuwa na hatari, bila kujali kama chanzo kingekuwa moto, mgomo au tetemeko. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2014, na jambo lililowashangaza wengi ni kwamba hatari kubwa mara nyingi ilionekana kwa wauzaji wa vipuri vya bei ndogo ambavyo wakubwa hawakuvifuatilia.

Njia hii inaingia kwenye sukari bila marekebisho makubwa. Tuseme maghala yote ya viwanda na ya wasambazaji yana sukari ya wiki tano. Tuseme viwanda vitarejea baada ya wiki kumi na mbili, na kwamba tangu kibali kisainiwe hadi mfuko ufike dukani Songea au Kasulu zinapita wiki tisa, ukijumlisha kutafuta muuzaji, kufungua barua ya dhamana benki, kupakia, safari ya baharini, kusubiri nangani, ukaguzi wa ubora, forodha na malori. Mwenye kusaini kibali leo amechelewa kwa wiki nne, hata akisaini kwa mkono mwepesi namna gani. Siku sahihi ya kusaini ilikuwa ile ambayo akiba ilishuka hadi wiki tisa, na kwa kuongeza wiki mbili za tahadhari, ilikuwa ile ambayo ilishuka hadi wiki kumi na moja. Kizingiti hicho hakimtaki mtu awe mtabiri. Kinataka ajue kwa uhakika, kila Jumatatu, kuna tani ngapi katika maghala ya nchi hii.

Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa, na ningependa kupasema kwa uwazi. Modeli nzuri ikilishwa takwimu mbovu hutoa jibu bovu lenye sura ya kitaalamu, na jibu la aina hiyo ni hatari kuliko kukisia, kwa sababu watu huliamini. Takwimu za akiba ya sukari tunazoziona hutolewa kwa kuchelewa na kwa jumla, bila kutenganisha iliyo ghalani kiwandani, iliyo kwa msambazaji mkubwa, na iliyo njiani. Katika kiwanda chetu kidogo, mwanzoni mwa 2024, kila msambazaji tuliyempigia simu alituambia mzigo umekwisha, kisha jioni mmoja wao anapiga mwenyewe na kusema ipo mifuko kadhaa ila malipo ni taslimu na bei ni ya leo tu. Sukari ilikuwepo, haikuwa inahesabiwa na yeyote mwenye wajibu wa kuihesabu. Tuliziba kwa kupunguza mikate mitamu na maandazi, na vijana wawili wa zamu ya usiku wakakaa nyumbani kwa wiki kadhaa.

Ninaposema kanuni itangazwe hadharani, nina sababu inayotokana na tabia hiyo ya soko. Anayeficha mzigo anafanya hivyo kwa sababu anaamini kesho bei itapanda zaidi. Akijua kwa hakika kwamba akiba ikifika kizingiti fulani meli itaitwa bila mjadala, na kwamba itatia nanga kabla ya tarehe fulani, faida ya kuficha inayeyuka na yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kuuza. Bei elekezi pekee haifanyi kazi hiyo. Ukitangaza bei bila kuwa na mzigo nyuma yake, sukari huondoka juu ya kaunta na kuingia chini yake. Kanuni iliyo wazi inamlinda pia mzalishaji, ambaye leo anaishi kwa hofu kwamba vibali vinaweza kutolewa wakati wowote, hata maghala yake yakiwa yamejaa. Mwaka 2016 tuliona upande huo wa pili: mapema mwaka ule Serikali ilibana vibali kwa nia njema ya kulinda viwanda vya ndani, na baada ya miezi michache sukari ikaadimika na ikabidi iagizwe kwa haraka. Kati ya 2016 na 2024 sera iliyumba kutoka kubana hadi kufungua, na kila mara uamuzi ulifanyika tukiwa tumekwisha kubanwa.

Suala la nani aagize nalo linaingia katika modeli, ingawa hupenda kujadiliwa kama suala la siasa. Kwa miaka kadhaa vibali vya sukari ya kuziba pengo vilitolewa kwa wazalishaji wenyewe, kwa hoja kwamba wao ndio wanaojua pengo lilivyo. Ni kweli wanajua. Lakini yule ambaye bei yake inapanda pengo likibaki wazi hapaswi kuwa peke yake mwenye ufunguo wa kuliziba, na kusema hivyo si kumtuhumu mtu yeyote kwa uovu. Ni kuangalia gharama na faida za kila mhusika, kama modeli yoyote makini inavyotakiwa kufanya.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ilifungua njia kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, kununua na kuhifadhi sukari. Wazalishaji waliipinga hatua hiyo, na naelewa wasiwasi wao, ila mimi naiona ni hatua nzuri kwa sababu ya hesabu niliyoitoa hapo juu. Sukari ya ziada ikiwa ghalani kwa NFRA na isiuzwe mpaka kizingiti kifikiwe, ile hasara ya kushusha bei ya kiwandani inatoweka karibu yote, na gharama ya kuzidisha inabaki kuwa ya hifadhi na riba. Tena sukari haiozi kama mahindi. Ikikaa mahali pakavu, penye paleti na hewa, hukaa muda mrefu, ingawa ikipata unyevu hushikamana na kuwa mabonge ambayo hakuna mwenye duka anayeyataka. Lakini mamlaka ya kununua bila kanuni ya kiasi cha kununua yanatuacha palepale. NFRA ikinunua kidogo mno itakuwa imeongeza ofisi nyingine ya kulaumiwa, na ikinunua nyingi mno kisha ikaziachia sokoni wakati wa mavuno, itawaumiza wakulima wa miwa ambao nchi imekuwa ikiwahimiza wapande.

Kwa hiyo ninaiomba Wizara ya Kilimo na Bodi ya Sukari zichapishe, kabla ya mwisho wa Agosti kila mwaka, waraka mfupi wenye mambo haya: akiba iliyopo kwa wiki za matumizi, matukio yanayotazamiwa katika msimu ujao na uwezekano wa kila moja kwa mujibu wa TMA, gharama ya kupunguza na ya kuzidisha kama zilivyokubaliwa na wazalishaji, wakulima na wawakilishi wa walaji, na vizingiti vitakavyoamsha hatua ya kwanza na ya pili pamoja na tarehe zake. Viwanda vitakiwe kuripoti kila wiki miwa iliyokamuliwa na sukari iliyotoka ghalani, na ripoti hizo ziwekwe mahali ambapo hata mnunuzi wa kiwanda cha mikate anaweza kuzisoma. Wataalamu wa kuijenga modeli hii tunao hapahapa Morogoro, katika Chuo Kikuu Mzumbe na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na watafiti wa miwa wako Kibaha katika Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Kazi yenyewe kwa mwaka wa kwanza inaweza kufanyika kwa programu ya kawaida ya majedwali. Waanze kwa kuchukua takwimu za misimu ya nyuma, ikiwemo 2015, 2016 na 2023, waijaribu kanuni hiyo juu yake kana kwamba ilikuwepo wakati ule, na watuoneshe ingetuambia tuagize tani ngapi na lini, ili tuijadili tukiwa na majibu mbele yetu kabla vuli nyingine haijafika.

Ni mimi msomaji wako,

Afisa Ununuzi na Ugavi,
Morogoro.